Futi Kumi na Moja

Kijana ninayemzungumzia ni mwongoza wageni wa Kilindoni, kisiwani Mafia. Amekubali kisa chake kisimuliwe kwa sharti la kutotajwa jina, na ninamwelewa: kisiwani kila mtu anamjua mwenzake, na fedha zilizopotea zilikuwa za kikoba. Alikuwa na haraka na alikuwa na fedha kidogo. Kwa mambo hayo mawili sioni wa kumcheka. Hata mimi nikisimama mbele ya kabati la vioo lenye vitu vinavyong'aa, swali linalonitoka kwanza ni la bei.

Kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa mwaka, papa potwe huonekana karibu na ufuo wa Kilindoni wakifuata uduvi. Hakuna samaki mkubwa kumzidi duniani, lakini hana ugomvi na mtu. Chakula chake ni vidudu anavyovichuja majini. Wageni huchukuliwa kwa boti hadi alipo, wakavaa miwani na mrija, wakateremka na kuogelea ubavuni kwake. Wakirudi botini wanaulizana picha. Wengi hawana, maana simu wameziacha hotelini kwa kuogopa chumvi. Kijana akaona pana riziki hapo: akiwa na kamera ya kuzama, kila safari atauza picha juu ya ujira wake. Wazo lilikuwa zuri, na bado ni zuri. Akakopa kikobani, akavuka kwenda Nyamisati, akapanda basi la Dar es Salaam na kuishia Kariakoo.

Muuzaji alimtolea boksi la kamera ndogo ya bluu. "Kaka, hii haiingii maji hata tone. Soma mwenyewe." Mbele ya boksi paliandikwa kwa herufi kubwa 48MP, na nyuma yake kasa anaelea juu ya matumbawe. Kwenye kona ya chini, kwa maandishi madogo, palikuwa na 11FT. Kijana akaiona namba akaridhika. Mita kumi na moja zinamtosha na kusaza. Akipiga mbizi kwa pumzi moja, yeye mwenyewe hafiki huko.

Lakini FT ni futi, na futi 11 ni mita tatu na kitu. Ukipima kwa kipimo cha manahodha, hata pima mbili hazitimii. Kamera ile ilitengenezwa kwa ajili ya watoto wachezao kwenye bwawa la hoteli, na waliotengeneza hawakudanganya. Waliandika ukweli wote pale kwenye kona. Nimekiangalia kisa hiki mara nyingi, na kila mara narudi kwenye kona hiyo ya boksi. Macho yetu huenda kwenye namba, hayaendi kwenye kipimo. Ukikuta 10 au 15 au 30 kwenye kamera, usiondoke dukani kabla hujajua ni mita au futi, na ni kwa muda gani, kwa sababu nyingine huandikiwa dakika za kukaa majini pia.

Onyo la pili lilikuwa kwenye karatasi. Kadi ya dhamana ilisema kwamba uharibifu wa maji haumo, na chini ya risiti paligongwa muhuri: mali ikishauzwa hairudishwi. Hebu tulifikirie hilo kidogo. Kamera inauzwa kwa sababu inazama, halafu ikiingia maji hakuna anayehusika. Si maduka ya vichochoroni tu. Hata watengenezaji wa simu za bei mbaya wanaojisifia IP68 wengi wao huutoa uharibifu wa maji kwenye dhamana. Na tukiwa kwenye alama hizo: IP67 maana yake ni mita 1 kwa dakika 30. IP68 ni zaidi ya hapo, na kina na muda hutajwa na mtengenezaji mwenyewe. Vipimo hivyo hufanywa kwenye maji baridi yaliyotulia. Bahari ya Hindi haikuwemo kwenye maabara.

Aliporudi Kilindoni, nahodha wa boti yao, mtu mzima aliyezaliwa na bahari, aliipokea kamera na kuigeuzageuza. "Mwanangu, hii inakwenda pima ngapi?"

"Mita kumi na moja, mzee."

"Hizo ni pima sita. Umeijaribu?"

"Nimeijaribu kwenye ndoo, nusu saa nzima. Haikuingiza kitu."

"Na ndoo yako ina pima ngapi?"

Watu wa botini wakacheka, kijana naye akacheka, na shauri likaishia hapo. Naona uchungu wa kisa chote umo kwenye kicheko kile. Mzee alikuwa amesema jambo la kitaalamu kabisa. Kila mita 10 unapozama, presha ya maji huongezeka kwa karibu kilo moja juu ya kila sentimita ya mraba. Kwenye ndoo hakiongezeki chochote cha kuhesabika. Kwenye mita tano ni nusu kilo kwa kila sentimita, na kimlango cha betri chenye sentimita tatu kwa nne kinasukumwa na kama kilo sita. Hizo ni kilo za maji yaliyotulia; ukijirusha kutoka botini na kamera mkononi, au ukiipitisha kwa kasi, presha ya mara moja huzidi. Ndoo inaweza kukuambia kama kamera imepasuka. Haiwezi kukuambia kama itahimili bahari.

Kinachozuia kilo zote hizo ni oringi, ule mpira mwembamba unaozunguka mlango. Kwenye kamera nzuri mpira huo ni mnene, mlango una kufuli ya pili, na ukiufunga unahisi mpira ukibanwa. Kwenye kamera yake mlango ulifunga kwa mlio mwepesi, bila ubishi wowote. Aliliona hilo, akalipenda: akasema ni rahisi kutumia.

Siku yenyewe walikuja wageni wa familia moja, wakalipia picha mapema. Mbizi ya kwanza ilikwenda vizuri, papa potwe yuko juujuu na kijana hakuzama zaidi ya mita mbili. Aliporudi botini aliona ukungu kwenye kioo cha lenzi. Akaufuta kwa kidole. Haukufutika, kwa sababu ulikuwa upande wa ndani.

Hapo ndipo angesimama. Ukungu wa ndani una sababu mbili: ama unyevunyevu ulifungiwa humo mlango ulipofungwa, ama maji yameanza kupenya. Yote mawili yanataka kitu kimoja, kamera isirudi majini siku hiyo. Yeye aliiweka kwenye benchi juani ili ukungu ukauke. Kamera ikapata moto. Ikirudi kwenye maji ya baridi, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta kutoka nje chochote kinachoweza kuvutwa. Kisha akafungua mlango papo hapo botini, mikono imelowa, akabadilisha betri, akaufunga. Baadaye, nyumbani, aliukuta uzi mmoja wa taulo umelala juu ya oringi, mwembamba kiasi cha kuonekana tu ukiuelekeza kwenye mwanga. Uzi kama huo, unywele au chembe ya mchanga, inatosha.

Mbizi ya pili samaki aliinamisha kichwa akashuka, na kijana akamfuata. Anasema alikuwa kwenye mita tano au sita alipoona mstari wa viputo vidogo ukitoka kwenye ukingo wa mlango wa betri, mmoja nyuma ya mwingine, bila kukatika. Akapanda upesi. Kioo kilikuwa na michirizi, kisha kikazima. Akabonyeza kitufe cha kuwashia. Akabonyeza tena na tena.

Kubonyeza kule ndiko kulikoiua. Kifaa kikiingiwa na maji ya chumvi, umeme ukipita humo huanza kula shaba papo hapo. Kama yatakukuta, na kwa bahari huwezi kuapa kwamba hayatakukuta, izime ikiwa bado haijazimika, toa betri na uiweke mbali na watu maana inaweza kupata moto, toa kadi, kisha suuza ndani kwa maji baridi kabla chumvi haijakauka. Inatisha kumwagia maji kitu kilichoingiwa na maji, lakini chumvi ndiyo adui mkubwa. Kijana aliizika kwenye mchele siku mbili. Mchele hautoi chumvi. Alipoifungua ilikuwa na kutu ya kijani.

Wageni walirudishiwa fedha zao. Kadi ilipona, na alipoifungua kwenye kompyuta ya rafiki ndipo pigo la pili lilipokuja, kwani hata picha za mbizi ya kwanza hazikuwa za kuuza. Zilikuwa za kijani tupu, samaki hana ukingo, na mbele yake pametapakaa nukta nyeupe.

Ukijani ulitokana na maji yenyewe. Rangi nyekundu ndiyo ya kwanza kumezwa; ukifika mita tano imeshapungua sana, zinafuata ya machungwa na ya njano. Kamera inayofaa ina mpangilio wa rangi wa chini ya maji, au inaruhusu kuvalishwa kioo chekundu. Ile ya bluu haikuwa na lolote kati ya hayo. Samaki kukosa ukingo kulitokana na lenzi isiyojirekebisha kwa umbali, na hizo 48MP zilikuwa za kutanuliwa na programu, jambo la kawaida kwa kamera za bei hiyo. Nukta nyeupe zilikuwa flashi ikimulika uduvi na vumbi la maji lililo mbele ya lenzi. Tena kwa papa potwe flashi haitakiwi kabisa, inamsumbua, na mwongoza wageni anapaswa kuwa wa kwanza kuizima.

Inauma zaidi ukijua picha safi ya samaki huyu ina kazi gani. Kila papa potwe ana mpangilio wake wa madoa, na watafiti humtambua mmoja mmoja kwa picha ya ubavu wa kushoto, nyuma ya matamvua. Programu wanayoitumia ilitoholewa kutoka kwenye hesabu za wanaastronomia za kulinganisha picha za nyota. Mwenye kamera nzuri Kilindoni anaweza kuwauzia wageni na kuwasaidia watafiti kwa picha hiyo hiyo.

Basi anunue nini mwenye fedha kidogo? Kamera ndogo zilizotengenezwa kwa ajili ya kazi hii zipo. Olympus Tough TG-5, TG-6 ya mwaka 2019 na TG-7 ya 2023, iliyotoka kwa jina la OM System, zote zimeandikiwa mita 15, zina mpangilio wa rangi wa chini ya maji na hupiga karibu sana. Mpya si ya mkopo wa kikoba; TG-7 ilitoka kwa takriban dola 550 za Marekani. Zilizotumika hupatikana kwa chini ya hapo, lakini iliyotumika ichunguzwe mlangoni kabla ya kitu kingine. Fungua, angalia kutu kwenye vishikizo vya betri, pitisha kidole kwenye oringi kutafuta ufa, tazama lenzi kwa pembeni kama ina ukungu. Muuzaji akikataa ufungue mlango, mshukuru uondoke.

Njia iliyomfaa kijana wetu baadaye, alipomaliza marejesho, ni GoPro iliyotumika pamoja na kasha lake la kuzamia. HERO5 Black ya mwaka 2016 na nyingi zilizofuata huzama mita 10 zenyewe, na ndani ya kasha lake hufika 60. Kwangu uzuri wa kasha ni kwamba kamera ikizeeka mlango unabaki na mlinzi wa pili. Mifuko ya plastiki ya simu siipendi kwa kazi ya mkopo. Kwa mtu anayeoga ufukweni na simu ambayo angekuwa tayari kuipoteza, sawa.

Uwe na dumu la maji baridi botini. Kamera ikitoka majini ilowekwe humo milango ikiwa imefungwa, chumvi ilegee, ikaushwe kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, na ifunguliwe ikiwa kavu, kivulini. Watengenezaji wengi hushauri oringi zibadilishwe kila mwaka hata kama macho hayaoni kasoro.

Na kasha, hata jipya, lijaribiwe likiwa tupu. Weka tishu kavu ndani, funga, fungia jiwe, literemshe kwa kamba hadi pima tatu au nne na uliache huko nusu saa. Livute, lifute kabla ya kufungua. Tishu ikiwa na hata doa la unyevu, lirudi dukani, na kwa hiyo siku za kurudisha ziandikwe kwenye risiti kabla hela hazijatoka mfukoni. Kijana aliandikiwa siku tatu. Muuzaji alinung'unika kidogo, kisha akaandika.