Aliyefufuliwa na Sanda Zake

Mafungu ya kusoma: Yohana 11:38–44, Mhubiri 4:9–12, Wagalatia 6:1, 2, Yakobo 5:16.

Anapobatizwa, mwamini huahidi mbele ya kanisa kuachana na pombe. Wengine huacha siku ile na hawarudi tena. Wengine hukaa miezi mitatu, na mwezi wa nne huonekana tena kwa mgema. Mshiriki wa namna hiyo akishauriwa kujiunga na kikundi cha watu wanaosaidiana kuacha pombe, swali huzuka: Ikiwa Kristo ameokoa, kikundi ni cha nini? Je, kwenda huko si kukiri kwamba imani imeshindwa?

Soma Yohana 11:38–44. Ni nani aliyemfufua Lazaro, na ni nani waliomfungua?

Yesu aliyewashinda mauti hakushindwa na vitambaa. Hata hivyo, aliwaagiza watu waliondoe jiwe, na baada ya muujiza akawaagiza wamfungue Lazaro. Uhai ulitoka kwa Kristo peke yake. Kufungua sanda kulikuwa kazi ya majirani. Tena Lazaro alikuwa hai kabla hajafunguliwa. Basi anayeomba afunguliwe hamkani aliyemfufua, wala kanisa lisimhesabu kuwa maiti kwa sababu sanda zingali mwilini.

Pombe humfunga mtu kwa namna nyingi. Huufunga mwili: aliyekunywa sana kwa miaka mingi, akiacha ghafla, anaweza kutetemeka, kuona yasiyokuwapo, hata kushikwa na degedege. Huyo aanzie kwa mganga katika kituo cha afya. Kumwambia afunge na kuomba tu kwaweza kumgharimu uhai. Pombe hufunga pia kwa mazoea. Katika delta ya Rufiji minazi iko mlangoni, na mvuvi aliyekwisha kuuza kamba wake hungoja maji yajae akiwa na fedha mkononi na marafiki kando yake. Tena hufunga kwa aibu. Kibiti na vijiji vya delta vina Waislamu wengi. Pombe ni haramu msikitini na ni kosa kanisani. Mnywaji hujificha pande zote mbili, na anayejificha hana wa kumshika mkono.

Mwaka 1935 Bill Wilson, mfanyabiashara wa New York aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache, alikuwa katika mji wa Akron, Marekani. Biashara yake ilikuwa imeharibika, na baa ya hoteli ilikuwa karibu. Badala ya kuingia, alipiga simu kwa mchungaji mmoja akitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Hivyo akakutana na daktari Bob Smith. Daktari huyo alikunywa mara ya mwisho mwezi Juni mwaka ule, na kutokana na watu hao wawili kikazaliwa chama cha Alcoholics Anonymous, ambacho vikundi vyake sasa viko katika nchi nyingi. Wilson hakumtafuta mwenzake ili amhubirie tu. Alimtafuta ili yeye mwenyewe asianguke. Mhubiri 4:9, 10 lilikwisha kuieleza faida hiyo.

Wengine huhofu kwamba katika vikundi hivyo kila mtu humtaja Mungu kama anavyomwelewa. Mwadventista hahitaji kuficha jina la Mwokozi wake anapoketi na wenzake, wala kuwalazimisha walitaje. Aende kwa unyenyekevu, asikilize, atunze siri za wengine, na siku ya Sabato awe ibadani. Kikundi kikidai nafasi ya Kristo, hapo ndipo aondoke.

Anayetafuta kikundi aulize kituo cha afya, ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya, au mchungaji. Siku ya kwanza anaweza kukaa na kusikiliza tu. Na kama kijijini mwake, ng’ambo ya mto, hakuna kikundi? Wawili wanatosha kuanza: siku maalumu, mahali patulivu, ukweli, sala, na ahadi ya kutotangaza yaliyosemwa. Siku wanayochagua iwe ile yenye jaribu kubwa zaidi, yaani siku ya malipo.

Soma Wagalatia 6:1, 2. Paulo aliwaagiza watu wa namna gani kumrejeza aliyeanguka, na kwa roho gani?

Hapa kanisa nalo linapimwa. Ahadi ya ubatizo haipunguzwi. Lakini mshiriki akijua kwamba neno atakalomwambia mzee wa kanisa asubuhi litafika kisimani jioni, atanyamaza, na atakunywa. Lazaro angeweza kutoka kaburini, akaachwa amesimama katika sanda huku watu wakimtazama na kunong’ona. Muujiza ungekuwa wa kweli. Waliotazama ndio wangekuwa wameasi agizo.

Maswali ya kujadili:

1. Yakobo 5:16 linataka tuungamiane. Ni mambo gani katika kundi lenu yanayomzuia mtu kusema ukweli?

2. Kuna tofauti gani kati ya kumrejeza mtu na kuifunika dhambi yake?

3. Mshiriki akija leo kuomba msaada wa kuacha pombe, ni nani kati yenu atakayeketi naye juma hili, na wapi?