Mshindani Asiyeonekana

Bao lahitaji watu wawili na ubao mmoja. Wachezaji huketi uso kwa uso, kete 64 baina yao, na kila mmoja aona jinsi jicho la mwenzake linavyohesabu kabla mkono haujaondoka shimoni. Mshindi hujigamba, mshindwa hutaniwa, watazamaji hucheka. Lakini mzaha huo una mpaka wake, kwa kuwa kesho watu hao watakutana tena msikitini, sokoni au mtoni. Desturi hiyo ni kongwe katika pwani yetu, wala wazee hawakuhitaji kuiandikia sheria.

Sasa pana mchezo mwingine. Chanzo chake kilikuwa mbali nasi: mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, ulianza kutungwa mchezo wa maneno matupu ambao watu kadhaa waliweza kuingia pamoja katika dunia moja ya kubuni, kila mtu mbele ya kioo chake. Kwetu mambo hayo yalichelewa mpaka nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka 2009 na simu za mkononi zikaenea. Leo kijana wa Kilelengwani, upande wa Garsen katika delta ya mto Tana, akiwa na simu yenye chaji na bando, na mtandao ukishika, aweza kushindana na mtu wa Mombasa, wa Muscat au wa Manila ambaye hajapata kumwona na yamkini hatamwona kamwe.

Siandiki ili kuulaani mchezo huu. Wako wasemao kuwa ni kupoteza wakati, na usemi wao una ukweli kiasi: Shirika la Afya Duniani lilikwisha kuutia ulevi wa michezo hii katika orodha ya maradhi iliyopitishwa mwaka 2019. Lakini hata bao limewahi kuwachelewesha watu shambani. Tena wako walionufaika. Sylvia Gathoni wa Kenya, kwa ustadi wake katika mchezo wa Tekken, alipata mkataba na timu ya kimataifa mwaka 2018. Swali langu ni jingine: mtu tusiyemwona ana haki gani juu yetu?

Kijana mpole, asiyethubutu kumjibu mjomba wake kwa ukali, hushika kipaza sauti akamtukana mtu asiyemjua matusi yasiyoandikika. Wasichana wengi huficha majina yao au hunyamaza kabisa, maana sauti ya kike ikisikika tu kejeli huanza. Mwulize kijana yule, atajibu, "Ni mchezo tu." Bunduki ile ni ya kubuni, kweli, na damu ile ni rangi, lakini sikio lililosikia tusi ni la mtu, na mtu huyo atalala nalo.

Labda msomaji atasema dawa ni uso: watu wakionana wataheshimiana. Nami niliamini hivyo, mpaka nilipoifikiri Kilelengwani yenyewe. Pale hapakuwa na kioo. Katika delta ile Wapokomo wakulima na Waorma wafugaji walijuana, walikutana sokoni, walikunywa maji ya mto mmoja. Hata hivyo ugomvi wa malisho na maji uliwaka mwaka 2012, na tarehe 10 Septemba watu 38 waliuawa katika kijiji hicho, wakiwamo polisi 9. Katika miezi ile waliokufa katika delta nzima walizidi 100. Sitaki kupima hapa nani alimkosea nani kwanza. Hesabu hiyo kila upande huianzia mahali pake. Nasema tu kwamba nyuso zilionekana na hazikuzuia kitu. Kabla mkono haujainuka, jina la jirani lilikuwa limekwisha kuondolewa, likabaki neno "wao". Kioo, basi, hakikuumba ubaya huu. Kimeupunguzia gharama.

Hesabu ile ya watu 100 hunirudia kila nionapo vijana wakicheza PUBG. Wachezaji 100 huruka kutoka katika ndege, hushukia kisiwani, huwindana mpaka kibaki kikosi kimoja. Yapata nusu saa yote yamekwisha, na wote huamka wakaanza upya. Hasha, sidai kwamba mchezo huo ulifundisha kuua. Ulikuja katika simu mwaka 2018, na mishale na mikuki ya delta haikungoja simu. Nadhani tofauti yao ndiyo yenye jibu ninalolitafuta. Katika mchezo kila mmoja amekubali kuwindwa, na kila mmoja atainuka mwisho wake. Mambo hayo mawili ndiyo yanayoifanya risasi ile isiwe dhambi. Tusi halina hata moja kati yake: aliyetukanwa hakulikubali alipoingia kisiwani, wala halizimiki kioo kinapozimwa. Kwa hiyo anayelitoa ametoka nje ya mchezo, ijapokuwa vidole vyake vingali vinacheza.

Vikosi hivyo aghalabu huwa vya watu wanne, na mara nyingi simu ndiyo inayowachagua. Yawezekana jioni moja ikaweka kikosi kimoja mwana wa mkulima na mwana wa mfugaji, kila mmoja akiwa na jina la kubuni. Mmoja ataita, "Yuko nyuma yako!" na mwingine atageuka kwa wakati. Wataokoana mara tatu kabla ya chakula cha usiku. Kisha mmoja atauliza, kama vijana waulizavyo, "Wewe ni wa wapi?" Hapo patakuwa na kimya kidogo katika kipaza sauti, na mimi ningependa sana kujua ni nani atakayekivunja, na kwa neno gani.