Roho ya Mtoto na Alama za Mtihani

Tangu wamisionari Wasabato walipotua Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, wakajenga kanisa na shule pamoja, elimu na ibada hazijaachana katika kaunti za Homa Bay na Migori, magharibi mwa Kenya. Lakini dawati la leo humkalisha Msabato kando ya Mkatoliki, na mtoto wa kanisa la Legio Maria, ambaye wazee wake huhiji mlima wao mtakatifu wa Got Kwer, kando ya Mwislamu wa Kendu Bay. Elimu ya dini hufundishwa kisha hutahiniwa, na hapo ndipo mimi husita, kwani mtoto aweza kuzisoma kwa ghibu amri zote kumi, akapata mia kwa mia, na saa ya chakula akampokonya mdogo wake sahani ya githeri. Ucha Mungu hauna alama. Mtoto akiuliza kwa nini mwenziwe husali Jumamosi na yeye Jumapili, asinyamazishwe kwa kisingizio cha silabasi. Na kuliko mawaidha ya asubuhi penye mlingoti wa bendera, yasikilizwayo kwa miguu iliyochoka, lina athari zaidi jambo moja adimu: mwalimu kumtaka radhi, mbele ya darasa zima, mwanafunzi aliyemwadhibu bila hatia.