Ujuzi wa Nchi Uko Wapi?

Ndugu msomaji, ukiulizwa elimu ya nchi hii iko wapi, hapana shaka utaonyesha kwa kidole madarasa, vyuo na makabati ya vitabu. Jibu hilo si la uongo, lakini si kamili. Na yafaa tulitazame jambo hili kwa makini, kwani juu yake zimesimama hukumu nyingi tunazozitoa kila siku: nani aheshimiwe, nani alipwe vizuri, na mtoto yupi ahesabiwe kuwa amefaulu na yupi kuwa ameanguka.

Tuanze mbali na Pwani, ili tusije tukapendelea nyumbani. Ekerenyo ni mji mdogo wa soko katika Kaunti ya Nyamira, kwenye milima ya Wagusii, nchi ya majani chai na ndizi. Katika masoko kama hilo ndimo wafanyamo kazi fundi wa cherehani, fundi wa kuchomea vyuma, fundi wa pikipiki na mshona viatu. Wengi wa watu kama hao hawana cheti, wala majina yao hayamo katika daftari la waajiriwa. Walicho nacho ni mkono uliozoea na jicho lililofunzwa. Hao ndio waitwao watu wa jua kali, kwa kuwa kazi yao ilianza kufanywa uwanjani, bila ya paa. Wala si wachache. Kwa hesabu ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya Kenya ya mwaka 2023, ukiwatoa wakulima wadogo, zaidi ya watu 8 katika kila 10 wafanyao kazi nchini wamo katika kazi za namna hiyo, na idadi yao yapita milioni 16.

Basi ikiwa nchi yaishi kwa mikono ya watu hawa, itakuwaje tuseme kuwa hawana elimu? Mtu hawezi kuufungua mtambo, akaujua ugonjwa wake kwa kuusikiliza, akaufunga tena ukaenda, naye hajui kitu. Mwaka 1972 wajumbe wa Shirika la Kazi Duniani walitoa taarifa yao juu ya Kenya, wakasema kuwa watu hawa si wavivu wala si wazururaji: wanazalisha mali, na lililowazuia ni kusumbuliwa na wenye mamlaka badala ya kusaidiwa. Ikawa wageni wameliona lile tulilokuwa tukilipita kila siku njiani.

Jambo hili si geni kwa wanazuoni. Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, aliweka katika Muqaddima yake milango mingi juu ya kazi za mikono. Kwake yeye ufundi ni malaka, yaani uwezo uliokita katika nafsi kwa kulitenda jambo na kulirudia, nao haupatikani vyema ila kwa mwalimu. Akaeleza tena kuwa ufundi hustawi pale unapotakiwa na watu, na hudhoofika mji unapodhoofika. Maana yake ni kwamba karakana nayo ni madrasa, na soko ndilo liifanyalo ijae au iwe tupu.

Lakini tusizidishe sifa tukaipita haki. Wagusii walikuwa na mafundi wa kichwa, kila mmoja wao akiitwa omobari. Mtu akipigwa kichwani, akashikwa na maumivu yasiyokwisha, fundi huyo hupasua ngozi na kukwangua mfupa. Madaktari wa hospitali waliandika khabari zao katika miaka ya 1950 na 1960, wakastaajabu kuona jinsi wagonjwa walivyokuwa wakipona jeraha la kazi kubwa kama ile. Huo ulikuwa ujuzi wa kweli, uliotoka kwa mzee kwenda kwa mwanafunzi wake. Walakini haukuwa na kitabu wala hesabu ya waliopona na waliokufa. Na ujuzi usioandikwa ni vigumu kuupima, ni vigumu kuusahihisha, na fundi akifa bila ya mrithi hufa naye. Hiyo ndiyo aibu ya jua kali hata leo: fundi mia hutengeneza kitu kimoja kwa namna moja, na kosa la wa kwanza hurithiwa na wa mwisho.

Zikikutana elimu mbili hizi, matunda yake huonekana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu waliutazama mfano wa jiko la Thailand, wakawapelekea mafundi wa bati wa Nairobi fikira ya kutia udongo uliochomwa ndani ya jiko la mkaa. Udongo wa majiko ya kwanza ulipasuka. Umbo likageuzwa, jiko likafanywa jembamba kiunoni, udongo ukashika. Mtaalamu peke yake asingaliweza kuyafanya majiko kwa maelfu na kwa bei ya maskini; na fundi peke yake pengine asingalipata fikira ile. Leo jiko hilo limeenea, nalo lala mkaa mchache kuliko lile la bati tupu. Lakini wakatokea pia waliolighushi, wakatia udongo mbaya na bati jepesi, kwa kuwa hapakuwa na wa kuwapima.

Na sisi watu wa Pwani tujitazame. Mafundi wa Matondoni, Lamu, wameunda majahazi vizazi kwa vizazi kwa jicho na mkono, bila ya ramani ya karatasi, na bahari ndiyo iliyokuwa mtahini wao. Pamoja na hayo, mtoto akipelekwa kwa seremala twasema masomo yamemshinda. Na akikaa nyumbani na cheti asichoweza kukifanyia kazi, twasema ni msomi aliyekosa bahati. Huku ni kuipima elimu kwa karatasi, na karatasi ni shahidi tu wa elimu, si elimu yenyewe.

Basi wajibu ni wa watu watatu. Dola impeleke shahidi huyo kule uliko ujuzi. Nchini Kenya mamlaka ya KNQA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, imekabidhiwa kuutambua na ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Ni jambo jema, maadamu ada na safari havitamfungia mlango fundi wa Ekerenyo. Msomi naye ashuke karakanani, aulize kabla ya kufundisha. Na fundi asiifiche siri ya kazi yake, wala asimfanye mwanafunzi kuwa mtumishi wa kufagia miaka mitatu. Ujuzi ni amana, na amana hurudishwa kwa kufunzwa.

Ipo khatari moja ya mwisho. Wako watakaomsifu fundi kwa ustadi wake wa kuishi kwa kidogo, kisha wamwache juani bila ya paa, bila ya bima, bila ya malipo ya uzeeni. Sifa ya namna hiyo ni njia ya kukwepa deni. Nchi inayokula kwa mkono wa mtu, kisha ikamwita mjinga, imemdhulumu mara mbili: imemnyima haki yake, na imemnyima jina lake.