Anayeondoka Aache Nini?

Mwaka 2024 niliombwa kutafsiri vyeti viwili: cheti cha ndoa ya binti wa dada yangu, iliyofungwa hapa kwetu Unguja, na cheti cha kuzaliwa cha mwanawe wa kwanza. Binti huyu na mumewe wanaishi Columbus, katika jimbo la Ohio, Marekani. Wana kibali cha ukaazi wa kudumu, na sheria ya nchi ile humruhusu mwenye kibali hicho kuingia jeshini. Aliyejiandikisha ni yeye, si mumewe. Jeshi lilitaka kuviona vyeti hivyo kwa Kiingereza kabla ya kuwatia mume na watoto katika daftari la wategemezi, nalo ndilo linalowapatia matibabu. Nikavitafsiri, na chini yake nikaandika, mimi ambaye sikupata kukaa darasani kuisomea kazi hii, kwamba lugha zote mbili nazijua na kwamba tafsiri yangu ni sahihi.

Karatasi ya tatu niliombwa niisome tu. Dada yangu alitaka kujua inasema nini kabla ya kutoa radhi zake. Ilihusu bima ya maisha ya askari, ambayo tangu Machi 2023 kiwango chake cha juu ni dola 500,000. Askari hutaja nani alipwe pindi akifariki. Dada alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Kaka, mwanangu hajaondoka, na tayari wamekwisha mtia bei?"

Nikamjibu kwamba si bei ya mtu, ni riziki ya watakaobaki. Nikamkumbusha wazee wetu waliokuwa wakienda Hija kwa jahazi na meli. Kabla ya kuondoka walilipa madeni, waliomba radhi mlango kwa mlango na wakaandika wasia. Hakuna aliyesema kuwa kwa kufanya hivyo walijitakia mauti. Kujiandaa hakumwiti mtu shari. Asiyejiandaa ndiye anayewabebesha wenziwe mzigo asiotaka kuutazama yeye mwenyewe. Dada akakubali, ila akaongeza: "Lakini wasia wa babu ulikuwa na maneno. Hii ina tarakimu tu."

Neno hilo lilinikaa. Ni kweli kwamba karatasi hizi zote, za bima, za benki, za daftari la wategemezi, zina faida kubwa, na mwenye kuzidharau atajuta. Lakini hazijibu suali ambalo ndilo hasa la nyumba: anayeondoka amwachie nini anayebaki?

Mafunzo ya awali ya jeshi la nchi kavu la Marekani huchukua wiki 10, na binti yetu alipangiwa Fort Jackson, katika jimbo la South Carolina. Mwanafunzi akifika hupiga simu fupi kusema amefika, kisha simu yake hufungiwa. Baada ya hapo huipata kwa idhini ya wakufunzi, aghalabu Jumapili, kwa muda mchache, na huenda asiipate kabisa. Njia ya kuaminika ni barua. Wiki hizo zikimalizika hufuata mafunzo ya fani, ambayo yaweza kuwa ya wiki chache au kupindukia mwaka, kwa mujibu wa kazi aliyopewa.

Katika majuma ya kujiandaa, binti yetu alimwandikia mumewe daftari zima. Humo mliandikwa nani atawachukua watoto skuli mume akiwa kazini, kodi ya nyumba inalipwa tarehe gani, mdogo hapewi chakula gani, nywele za mkubwa zisukwe vipi. Daftari lenye mapenzi, kila ukurasa. Lakini ukurasa wa mwisho ulisema: "Mambo makubwa yote yangojee simu yangu ya Jumapili." Mumewe alinitumia picha ya ukurasa huo bila ya kuandika neno.

Niliposoma nilimkumbuka baba yangu. Alikuwa baharia wa jahazi, akisafiri kwenda Mombasa na Lamu, na pepo ndizo zilizompangia siku ya kurudi. Kila akiondoka aliacha masurufu: mchele, sukari, mafuta ya taa. Fedha aliziweka katika sanduku la mbao, akalifunga, na ufunguo akaupachika kiunoni mwake. Hakuwa bakhili. Aliamini kwamba analilinda jumba lake. Safari moja mdogo wangu alishikwa na homa kali usiku, na mama akatoka kwenda kukopa kwa jirani nauli ya gari ya kumfikisha hospitali, hali sanduku limejaa uvunguni mwa kitanda. Mtoto alipona. Mama hakumlaumu baba mbele yetu hata siku moja, lakini tokea hapo hakupenda kulifagilia lile sanduku.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Kwa kawaida tunaitumia methali hii kuwahimiza watu wawe karibu. Mimi naiona pia kuwa ni hukumu juu ya kauli: asiyeweza kumpiga nyoka asiishike fimbo. Mwenye kwenda mahali ambapo hawezi kusikia wala kujibu, halafu akadai kwamba hakuna jambo litakaloamuliwa bila yeye, hakuiacha nyumba yake na ulinzi. Ameiacha bila mwenyewe. Na lililo zito zaidi, amemwambia anayebaki: nakuamini kwa kazi, sikuamini kwa akili.

Nilimwandikia binti yetu hayo kwa upole nilioweza. Alinijibu kwa ukali: "Mjomba, umeelemea upande wa mume wangu. Mimi naondoka kwa ajili yao. Kwani kuondoka ni kuacha kuwa mama?"

Hoja yake si nyepesi, na nisingependa msomaji aipite haraka. Anayeondoka hajaitupa haki yake. Ametoa mwili wake uamrishwe, alale na aamke kwa sauti ya mwingine, ili nyumba ipate. Kumwambia kwamba kauli yake nayo imekwenda ni kama kumnyang'anya mara mbili. Wapo pia kwetu watakaosema kwamba shida yote imezuka kwa kuwa aliyeondoka ni mke. Hao nawauliza: baba zetu walipokaa miezi baharini, ufunguo uliokuwa kiunoni uliwauma wachache kwa sababu ulikuwa wa mwanamume? Suali ni moja kwa wote wawili.

Jibu ninaloliona ni kwamba haki ya anayeondoka hutumika kabla ya safari, na baada yake hugeuka amana. Wakae wawili, wajadiliane, hata wagombane, wakubaliane lipi haliguswi na lipi ni la kuamuliwa na aliyepo. Baada ya hapo aliyepo aamue. Kauli aliyoachiwa si milki yake. Atakuja kuitolea hesabu. Lakini hesabu hutolewa mtu akirudi, haidaiwi kila Jumapili.

Mwana Kupona alipotunga utendi wake mwaka 1858, alikuwa mgonjwa, na alimtungia bintiye. Tumezoea kuusoma kama mafunzo ya ndoa. Nnavyoona mimi, ni pia kazi ya mama anayejiandaa kuondoka. Alimwachia mwana maneno ayachukue, na kuyatumia kukawa juu ya mwana.

Binti yetu aliniacha bila jibu kwa siku tano. Kisha nikasikia kwamba amesaini hati ya uwakilishi iliyo pana zaidi ya ile ya kwanza, na ule ukurasa wa mwisho ameuchana. Barua yangu ya kwanza kwenda Fort Jackson ilikuwa na ubeti huu:

Uendapo safarini, acha ufunguo nyuma,
Usiufunge nguoni, ukawatesa wazima,
Aliyebaki nyumbani, kauli apewe njema,
Urejeapo mwandani, ingia kwa taadhima.

Mstari wa nne ndio mgumu. Wiki ya sita mumewe alimhamisha mtoto mdogo kwa mlezi mwingine, jambo ambalo mama yake asingelikubali. Alilijua kwa barua, siku kadha baadaye. Aliniambia kwamba alilia usiku ule kitandani, kwa sauti ndogo, asisikiwe na wenziwe, na asubuhi akamwandikia mumewe mistari miwili: kwamba hakupendezewa, na kwamba ameridhika kuwa aliyeamua alikuwepo.

Dada yangu nilimsomea mistari hiyo. Alinyamaza kitambo, kisha akaniomba nimwandikie mwanawe kwamba radhi zake anazo, akataka niyaandike maneno kama anavyoyasema yeye, nisitie yangu.