Mwili Bariadi, Mshahara Berlin

Tuseme kampuni ya Berlin imemwajiri mtaalamu wa programu za kompyuta, kisha mtaalamu huyo anahamia Bariadi kumfuata mwenzi wake aliyepata kazi hospitali ya Somanda. Kompyuta ni ileile, bosi ni yuleyule, mshahara unaingia benki ileile ya Ujerumani. Je, kuna lililobadilika? Wapo wanaosema hakuna, hata hawaoni haja ya kumwarifu mwajiri: kilichonunuliwa ni kazi, si kiti anachokalia mfanyakazi. Hoja hiyo si ya kubezwa. Lakini inawahesabu watu wawili tu, wale waliotia saini mkataba, na kuusahau mji ambamo mmoja wao sasa analala na kuamka.

Simiyu, mkoa unaoongoza nchini kwa pamba, ulizoea kuwafanyia kazi watu wa mbali kabla intaneti haijafika. Mkulima wa Itilima hamjui atakayesokota nyuzi zake, wala hana sauti katika bei ya soko la dunia. Hata hivyo ushuru wa mazao hulipwa kwa halmashauri ya pale pamba ilipolimwa, si kule shati litakakovaliwa. Katika wilaya ya Meatu, ambako kampuni ya bioRe imefanya kazi na wakulima wa pamba hai tangu 1994, mahali pamekuwa sehemu ya bidhaa yenyewe: mkaguzi anataka kujua shamba ni lipi, lilipuliziwa nini, na jirani alipulizia nini. Pamba ya shamba lisilosajiliwa ikichanganywa humo, mnunuzi wa Uswisi hawezi kuitambua kwa macho, na bado amedanganywa.

Wanazuoni wa Kiislamu nao walishalipima swali hili la mahali. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, zaka ya mali hutolewa pale mali ilipo, na zaka ya fitri pale mtu alipo jua la mwisho la Ramadhani linapotua. Basi aliye Bariadi na mali yake iko Muscat anadaiwa na maskini wa miji miwili. Zaka si kodi, na sitaki kuigeuza iwe kodi. Ninachokiona hapo ni kwamba mwili nao una madeni yake, hata mali ikiwa ng'ambo. Yeremia naye aliwaandikia mateka wa Babeli wajenge nyumba, wapande bustani na kuutakia mema mji ule, ilhali mioyo yao ilikuwa Yerusalemu. Wao walipelekwa kwa nguvu. Mtaalamu wetu amehama kwa hiari. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inakwenda njia hiyohiyo: malipo ya ajira iliyofanyika Tanzania yana chanzo Tanzania, popote yanapolipwa.

Atasema: nachukua nini hapa? Umeme nalipia LUKU, bando nanunua, na fedha za kigeni naleta. Ni kweli, ila anayenunua mchele hupewa mchele, wakamalizana. Lami ya kutoka Lamadi na wauguzi wa Somanda havimo kwenye bando.

Pingamizi gumu ni jingine. Akisema ukweli, huenda mwajiri akaogopa kodi na usajili wa nchi ngeni akamwachisha, au akampunguzia mshahara kwa kuwa kodi ya nyumba Bariadi ni ndogo. Katika hili la pili niko upande wa mfanyakazi. Mwajiri anayeuza kazi hiyo kwa bei ya Berlin, kisha akailipa kwa bei ya Bariadi, anataka mahali pahesabike pale tu panapomfaa. Mfanyakazi ana haki ya kukataa punguzo hilo, na kulikataa waziwazi. Lakini anayewasha programu ya kuficha eneo lake ameshakubali kwamba mahali pana maana. Pasingekuwa na maana asingepaficha.

Na hofu ile ya kwanza ina njia ya katikati, ingawa si rahisi: kugeuza ajira kuwa mkataba wa huduma, ajisajili TRA na kulipa kodi mwenyewe. Atapoteza likizo ya malipo na ulinzi dhidi ya kuachishwa ovyo, na hilo si dogo. Gharama hizo zimemwondokea mwajiri; ni haki ziongezwe kwenye malipo, na zidaiwe kabla ya saini, si baada ya kuhama.