Kuosha Gari Wakati wa Barafu

Andiko la wiki: Mithali 20:4, Mathayo 5:23-24

Swali la wiki hii lilitoka kwenye ibada ya katikati ya juma, na halikuweza kujibiwa kwa dakika tano. Ndugu mmoja aliuliza hivi: mtu akiacha jambo liharibike kwa miaka mingi, halafu dhamiri imguse wakati hana uwezo wa kulitengeneza lote, je, aanze na kile kidogo alicho nacho, ama angoje mpaka uwezo uje? Manake, alisema, kuanza na kidogo kunaweza kuonekana kama dharau. Ama unafiki.

Hili si swali la kitabuni. Yuko baba ambaye hajatuma karo wala kupiga simu kwa miaka 8, na sasa hata kazi imeisha. Anasema, "Nitaenda mikono mitupu vipi?" Yuko binti ambaye amekaa mbali na mamake hadi aibu ya kurudi imekuwa kubwa kuliko sababu ya kuondoka. Yuko mtu aliyekula pesa za chama, akahama mtaa. Wote hawa wanajua la kufanya. Wanangoja tu hali iwe nzuri.

Nitalijibu kwa mfano wa mbali kidogo. Si mgeni kabisa, kwa sababu watoto wetu na ndugu zetu wengi wanaishi huko.

Chumvi ya barabarani

Kule Minnesota, Marekani, ambako Wakenya wengi wamefanya makao, wastani wa joto la mwezi wa Januari uko chini ya sifuri, na kuna usiku ambapo kipimo hushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri na zaidi. Theluji ikianguka, malori hupita yakimwaga chumvi barabarani, kwa sababu maji yenye chumvi hayagandi upesi kama maji matupu. Chumvi ya kawaida huanza kushindwa baridi ikizidi kama nyuzi 9 chini ya sifuri, kwa hivyo huongezwa chumvi za kalsiamu na magnesiamu, ambazo huvuta unyevu na kukaa majimaji. Chumvi hiyo inaokoa maisha, magari yasiteleze. Lakini hiyo hiyo inarushwa na magurudumu, inaingia kwenye madigadi, kwenye viungo vya milango na kule uvunguni. Chuma, maji na chumvi vikikutana, kutu haichelewi.

Sasa mchukue mtu wetu anayefanya zamu mbili, pengine anatunza wazee usiku. Amepanga nyumba isiyo na gereji, gari linalala nje. Wiki zinapita, miezi inapita. Kapeti za miguuni zimekuwa nyeupe kwa chumvi iliyoletwa na viatu. Kiti cha nyuma kimejaa vikombe vya kahawa, risiti na nguo za mtoto. Nje, rangi ya gari haijulikani tena. Siku moja anaamka na kusema, leo nalisafisha. Anatazama kipimo: nyuzi 4 chini ya sifuri.

Huku kwetu kuosha gari ni ndoo, sabuni na kijana mwenye bidii. Huko, ukimwaga maji mlangoni yanaweza kuganda kabla hujayafuta. Yakiingia kwenye tundu la ufunguo, kesho mlango haufunguki. Tena maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa takriban asilimia 9, ndiyo maana yakijificha kwenye ufa mdogo, ufa unapanuka. Kwa ufupi, akiosha ovyo anaharibu, na asipoosha chumvi inaharibu. Hebu tuone anavyoweza kukosea.

Makosa mawili

Kosa la kwanza ni kungoja mpaka theluji yote iyeyuke. Linaonekana kama busara, lakini baridi ina udanganyifu wake. Kwenye baridi kali kutu hupunguza mwendo. Gari lililoganda linaonekana limetulia, ati halina shida. Joto likirudi kidogo, theluji iliyoshikana uvunguni inalowesha ile chumvi, na hapo ndipo kutu inakula kwa kasi. Ndiyo maana gari lenye chumvi likiegeshwa kwenye gereji yenye joto bila kuoshwa, linaweza kuoza haraka kuliko lile lililobaki nje.

Mpendwa, ni nyumba ngapi zinasema, "Sisi hatugombani"? Hawagombani kwa sababu hawaongei. Hiyo ni baridi tu, usiiite amani. Subiri siku ya joto: matanga, harusi, siku ya kugawa shamba. Watu wanakaa karibu, mambo yanayeyuka, na uchungu wa miaka 10 unakula familia kwa alasiri moja. Mithali 20:4 inasema juu ya mvivu ambaye hakulima kwa sababu ya baridi, na wakati wa mavuno akawa mwombaji. Tazama kwamba baridi yake ilikuwa ya kweli. Andiko halisemi alidanganya kuhusu hali ya hewa. Linasema tu kwamba mavuno hayakukubali sababu hiyo.

Kosa la pili ni kutumia nguvu. Mtu anachemsha maji, anayamwaga kwenye kioo cha mbele ili barafu itoke mara moja. Sisi Wapentekoste tunapenda moto, lakini kioo chenye baridi kali kikimwagiwa maji yanayochemka kinaweza kupasuka, kwa sababu upande mmoja unatanuka kabla ya mwingine. Mwingine anachukua kitambaa kikavu na kusugua kwa hasira. Chumvi na mchanga vinageuka msasa na kukwaruza rangi. Mwingine anataka tu ling'ae, anapaka polishi juu ya uchafu.

Hawa pia tunawajua. Ni yule anayetokea baada ya miaka 8 na fahali, mbuzi watatu na mpiga picha, anataka aitwe baba siku hiyo hiyo, mbele ya wageni. Ni yule ambaye hakumpelekea mama blanketi akiwa hai, lakini kaburi lake limewekwa vigae vya kung'aa. Bwana Yesu aliwaambia Mafarisayo, kwenye Mathayo 23:25-26, kwamba walisafisha nje ya kikombe huku ndani kumejaa uchafu, na akawaagiza waanze na ndani.

Wanaojua wanavyofanya

Wale wenye uzoefu wa baridi hawangoji majira yabadilike. Wanangoja adhuhuri, siku ya kwanza kipimo kikipanda hadi sifuri au juu yake kidogo, jua likiwa limetoka. Siku hiyo isipofika, hawagusi nje, wanaanza ndani. Takataka zinatoka kwanza. Kapeti zinaingizwa nyumbani kwenye joto. Chumvi iliyokauka inasuguliwa kwa brashi na kunyonywa kwa mashine ya vumbi. Doa linalobaki linapanguswa kwa maji ya vuguvugu yenye siki nyeupe, kidogo tu, halafu panakaushwa sana, kwa sababu unyevu ukibaki ndani, vioo vitaganda kwa upande wa ndani.

Nje wanafanya kipande kwa kipande. Kitambaa laini kilicholowa maji ya vuguvugu, mlango mmoja. Wanaupangusa bila kukandamiza, wanaukausha, ndipo wanaenda mlango wa pili. Mipira ya milango inakaushwa na kupakwa silikoni ili isigandane na bodi. Uvungu hauwezekani kwa ndoo. Wanangoja baridi ilegee, wanalipeleka gari mahali penye mashine za maji. Na polishi wanaiacha kabisa, kwa sababu kwenye baridi kali haishiki vizuri. Itakuja wakati wake.

Kwa hivyo kuna kinachowezekana leo, kuna kinachohitaji msaada wa wengine, na kuna ambacho lazima kingoje. Anayengoja anachukua sababu ya polishi na kuitumia kwa takataka za ndani. Mwenye pupa anachukua uharaka wa takataka na kuutumia kwa polishi. Dhambi za wote wawili zinaanzia kwenye kuchanganya mambo haya.

Turudi kwa yule baba asiye na kazi. Ndani kwake anaweza kuanza leo. Kuna uongo aliojiambia miaka 8: kwamba mama ya mtoto ndiye alimzuia, kwamba mtoto hana haja naye. Kuutoa huo hakuhitaji shilingi. Halafu mlango mmoja: simu moja, bila ahadi kubwa, kusema, "Nilikuacha na mzigo peke yako. Sasa sina kazi, lakini sitajificha tena." Uvungu wake, yaani deni la karo na mambo ya kisheria, hawezi peke yake, hapo anahitaji wazee, mchungaji, pengine chifu. Na kukumbatiwa na kuitwa baba, hiyo ni polishi. Aiache.

Je, kidogo ni unafiki?

Sasa pingamizi la yule ndugu lina nguvu, na tusiliruke. Mtoto wa miaka 14 anaweza kusema, "Miaka 8 halafu unaniletea simu?" Kwake, kidogo hicho kinaweza kuumiza kuliko kimya. Tutamwambia nini?

Tusimwambie anyamaze ashukuru. Tazameni watu wawili kwenye Injili ya Luka. Zakayo alikuwa na mali, akaahidi kurudisha mara 4. Mwana mpotevu hakuwa na kitu, alirudi mikono mitupu kabisa. Wote wawili walipokelewa. Kwa hivyo kiasi sicho kilichopima ukweli wao. Lakini angalia yule mwana alipanga kusema nini njiani. Hakupanga kudai chumba chake. Alipanga kuomba kazi ya kibarua.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Kidogo kinakuwa unafiki ukikiwekea bei. Ukituma shilingi 500 na kutaka heshima ya miaka 8, hiyo ni dharau kweli. Ukituma hizo 500 ukijua hazilipi deni, na kwamba yule uliyemkosea ana haki ya kukasirika hata mwaka mzima, hapo huna unafiki. Ni mwanzo. Mathayo 5:23-24 inasema uiache sadaka madhabahuni uende upatane na ndugu yako. Haikuahidi kwamba atakufungulia mlango ukibisha. Kwenda ni wajibu wangu. Kusamehe ni lake yeye, na siwezi kumpangia siku, kama vile mwenye gari hawezi kuliamuru jua litoke.

Wengine watasema, "Hata akiosha leo, kesho lori litamwaga chumvi tena." Ni kweli. Lakini aoshaye hakusudii gari lisichafuke kamwe. Anakusudia chumvi isikae. Bwana alimwambia Petro, Yohana 13:10, kwamba aliyekwisha kuoga hana haja ila ya kunawa miguu. Wokovu ulipata mara moja. Miguu inachafuka kila siku ya safari.

Na kuna jambo moja la mwisho kuhusu kupuuza. Ajali ina tarehe. Kupuuza hakuna tarehe. Hakuna siku ambayo yule baba aliamua kumtupa mtoto; kulikuwa na Jumatatu moja hakupiga simu, na nyingine, na nyingine. Ndiyo maana toba ya mambo haya inatusumbua. Tunatafuta siku moja kubwa ya kulia madhabahuni na kumaliza yote. Lieni, ni vyema. Lakini kilichoharibika kwa Jumatatu nyingi hutengenezwa kwa Jumatatu nyingi.

La kufanya wiki hii

Paulo akiwa kifungoni alimwandikia Timotheo ajitahidi kufika kabla ya majira ya baridi (2 Timotheo 4:21). Kwa wengine wetu majira hayo yameshaingia, na tumo ndani yake. Usingoje. Usichemshe maji. Wiki hii andika kwenye karatasi jina moja tu la mtu uliyempuuza. Chini yake andika ninachoweza leo, ninachohitaji msaada, na kile ambacho si changu kukidai. Kisha fanya cha kwanza kabla ya Jumapili. Ukikwama kwenye cha pili, wazee wa kanisa wako ofisini Jumatano na Ijumaa baada ya saa nane. Njoo, mambo yako hayatatangazwa.

Ombi

Bwana, wewe unayetuma neno lako na barafu ikayeyuka, tunaomba ujasiri wa kuanza tukiwa bado na baridi mikononi. Tuondolee haraka ya kuonekana wasafi. Wakumbuke wale tuliowaacha nje, na uwape haki yao hata kabla sisi hatujawafikia. Katika jina la Yesu, Amina.